Wino Haukauki, Unga Unatapakaa, Dai Halikati: Kutafuta Kosa Unapotengeneza Kadi Nyanda za Juu Kusini

Video nyingi za kufundisha kutengeneza kadi zimerekodiwa kwenye vyumba ambavyo joto na unyevu wake ni uleule mwaka mzima. Mtengeneza kadi wa Mbeya, Iringa au Njombe hana chumba hicho. Mvua ikianza Novemba, karatasi inalegea kama chapati ya jana. Kipupwe cha Juni na Julai kinaitesa gundi. Ikifika Septemba na Oktoba, oda za kadi za mahafali zikiwa zimepamba moto, hewa imekauka na kila kipande cha karatasi kinanasa vumbi. Kwa hiyo dalili moja inaweza kuwa na chanzo hiki Januari na chanzo kingine Oktoba, na dawa ya Januari ikaharibu kazi ya Oktoba.

Ndiyo maana mimi silaumu wino, dai (kisu cha chuma cha kukatia karatasi kwa umbo) wala mashine kwanza. Naanza na karatasi. Kila oda, weka pembeni vipande vya karatasi ileile vilivyobaki baada ya kukata, ujaribie hivyo kabla hujagusa kadi yenyewe. Na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja. Ukibadilisha wino, karatasi na joto kwa mkupuo, kadi ikikubali hutajua ni kipi kilichosaidia, na wiki ijayo utarudi palepale.

Wino haukauki

Piga muhuri kwenye kadi, kisha upige muhuri uleule kwenye karatasi ya fotokopi ya gramu 80. Subiri dakika chache, upitishe kidole.

Kama umekauka kwenye fotokopi lakini kwenye kadi bado unachafua, wino hauna kosa. Umenunua karatasi ya kung'aa, ile ambayo wachapishaji huiita atikadi. Imepakwa tabaka laini la madini ili picha za mashine zitoke safi, na tabaka hilo halinywi haraka. Wino wa pedi za ofisini, wa bluu, zambarau au mwekundu, unaopatikana kila steshenari kuanzia Mwanjelwa ya Mbeya hadi Miyomboni ya Iringa, haukauki kwa upepo. Umechanganywa na glisirini au vimiminika vya jamii hiyo ili pedi isikauke mezani kwa karani. Hukauka kwa kunywewa na karatasi, basi. Karatasi ikigoma kunywa, unaweza kulala ukaamka ukaukuta umelowa vilevile. Kuupulizia joto hakusaidii sana. Geuza kadi utumie upande usiong'aa kama upo, au tafuta wino wa spiriti unaoshika hata kwenye plastiki, au mwagia juu yake papo hapo unga wa embosi, yaani unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto ili picha inyanyuke na kung'aa, maana wino usiokauka ndio hasa embosi inaoutaka.

Kama haujakauka kwenye karatasi zote mbili, angalia pedi. Pedi iliyoongezwa wino mpaka inameremeta humwaga mno; ikandamize kwa tishu mara mbili tatu. Pedi ikiwa sawa, huenda wino wako ni wa pigmenti. Wino wa namna hiyo hubeba chembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi, tofauti na wino wa maji ambao rangi yake huzama ndani. Wa pigmenti huchelewa kukauka popote pale, na kwenye chumba chenye ukungu wa Tukuyu huchelewa zaidi. Usiuharakishe, panga kadi zikiwa zimelala, usizirundike. Faida yake ni kwamba haupauki upesi. Kadi ya wino wa maji ikitundikwa ukutani panapopiga jua, ua jekundu litageuka la waridi kabla mwaka haujaisha.

Wino unatambaa, mistari inaota manyoya

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza: karatasi inakunywa kupita kiasi. Karatasi za kutengenezwa kwa mkono ndizo hasa. Iringa mjini wapo Neema Crafts, karakana iliyoanza mwaka 2003 na inayowaajiri watu wenye ulemavu, ambao wamejulikana kwa karatasi zilizotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Karatasi za mtindo huo ni nzuri kuzitazama, zina nyuzi zinazoonekana, lakini wino wa maji ukizigusa unakimbia kufuata nyuzi. Tumia wino wa pigmenti. Ukitaka mistari myembamba kabisa, usihangaike: piga muhuri kwenye kipande cha karatasi laini nyeupe, kikate vizuri, ukibandike juu ya ile yenye nyuzi. Mteja ataona ni ubunifu.

Wapo wanaopaka wanga mwembamba uliopikwa, wakaacha ukauke na kupiga pasi. Inafanya kazi, ni njia ya kale ya watengeneza karatasi, ila kwa kadi mia moja za mwaliko ni kujitafutia kazi.

Picha ina mapengo

Muhuri mpya, hasa ule wa plastiki laini inayopitisha mwanga, huja na utelezi wa kiwandani. Uoshe kwa sabuni au usugue kwa kifutio. Kama mapengo yako upande uleule kila mara, meza si sawa: weka gazeti lililokunjwa chini ya kadi. Kama mapengo ni mistari mistari, ni karatasi yenye mbavu, kama zile za Conqueror zinazopendwa kwa kadi za harusi; hapo dawa ni muhuri wenye picha nene. Ukienda kwa fundi mihuri, mwambie unataka mpira mtupu wa kupigia pedi. Asikutengenezee ule unaotunza wino wake wenyewe ndani, maana huo hautakupa rangi nyingine wala hautakubali embosi.

Embosi

Hapa ndipo kadi nyingi hufia, na ndipo watu huanza kushuku kwamba wameuziwa unga feki. Unga wa embosi ni plastiki iliyosagwa tu. Unanaswa na wino mbichi, unaobaki unakung'utwa, kisha joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi linauyeyusha mpaka ung'ae. Jiulize umekwama wapi: kwenye kunasa, kukung'uta au kuyeyusha.

*Unga umenasa hata pasipo na muhuri.* Zipo sababu tatu, na kila moja ina sura yake.

Kama chembe zimesambaa kila mahali na zinarukaruka ukisogeza brashi au kidole, ni umeme tuli. Huo ni ugonjwa wa kiangazi, na sweta la nailoni linauongeza: unapoburuta mkono juu ya karatasi unaichaji bila kujua. Kunja mikono ya sweta. Weka poda ya mtoto kidogo kwenye kitambaa, kifunge fundo, uigonge kadi nacho kidogo kabla ya kupiga muhuri. Kidogo nasema, maana poda ikizidi wino wenyewe hautashika.

Kama chembe hazirukiruki bali zimeganda kwa mabaka, na brashi haiziondoi, karatasi ina unyevu. Hii ni ya kuanzia Novemba mpaka Aprili, na hasa kwa anayehifadhi karatasi kwenye sakafu ya saruji au kwa kuziegemeza ukutani. Poda hapa itaganda tu. Ipulizie kadi joto kwa sekunde chache kabla ya muhuri, iache ipoe, ndipo upige. Ikiwa bado ya moto wino utakauka kabla ya unga kufika. Tiba ya kudumu ni ndoo kubwa ya rangi iliyooshwa, yenye mfuniko unaobana: karatasi zikae humo, zimelala, juu ya meza.

Sababu ya tatu ni mafuta ya vidoleni. Kipupwe kikipasua mikono, kila mtu huku anapaka mafuta ya mgando au glisirini. Vidole hivyo vikishika kadi, unga wa dhahabu utachora alama ya dole gumba pembeni ya ua, safi kabisa, kama ya kitambulisho cha taifa. Nawa kwa sabuni, kausha, shika kadi kwenye kingo.

*Unga haunasi hata kwenye picha.* Wino umezama au umekauka. Manila ya dukani inakunywa upesi, kwa hiyo wino wa maji una sekunde chache tu. Mwaga unga mara tu unapoinua muhuri. Usipige kadi tano ndipo urudi kumwaga. Kama huna wino maalumu wa embosi, glisirini ileile ya kupaka mikono inaweza kuwa pedi: kata sponji, iweke kwenye kifuniko cha kopo, dondoshea glisirini ienee bila kuelea, na tone la wino ili uone ulipopiga. Wakati wa mvua punguza, kwa sababu glisirini huvuta maji kutoka hewani na mistari itanenepa.

*Unga hauyeyuki.* Kama unatumia draya ya nywele, acha. Upepo wake ni mkali na joto lake ni dogo. Utaupeperusha unga kabla haujapata moto wa kutosha. Bloa ya mafundi simu ni chombo bora, na fundi wa jirani anaweza kukuazima jioni. Punguza upepo mpaka mwisho, anza na nyuzi 200, ishike kama urefu wa kidole kutoka kwenye kadi, isogeze pole pole. Unga mbichi ni mkavu na umefifia. Unapoyeyuka utaona mng'ao ukitambaa juu ya picha. Fuata mng'ao huo, na ukishapita usirudi nyuma.

Jana iliyeyuka, leo imegoma, saa moja usiku? Tazama taa. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, hita haipotezi sehemu moja ya tano tu ya nguvu. Nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo inabaki kama asilimia 61. Bloa bado inavuma, inatoa joto kiasi, lakini unga unakaa tu. Fanya embosi asubuhi, au subiri watu wamalize kupika na kupiga pasi.

Pasi yenyewe inaweza kufanya kazi hii, na kwa karatasi nyembamba naipendelea kuliko bloa. Iwashe kwenye alama ya pamba, igeuze bamba liangalie juu, uiegemeze imara, kisha shika kadi kwa kibanio juu ya bamba, mgongo wa kadi ukielekea chini. Joto linapita kwenye karatasi kutoka nyuma, hakuna upepo, unga haupeperuki. Kwa jiko la mkaa, weka kikaango kikavu juu ya jiko na ushike kadi juu ya kikaango. Usiiweke juu ya makaa wazi: majivu yatanasa kwenye plastiki iliyoyeyuka na hayatoki tena. Vyovyote vile fungua dirisha, hata kama ni Makete na ni Julai.

*Umeyeyuka, lakini vibaya.* Uso wenye vipele kama ganda la chungwa haujapata joto la kutosha, urudishe. Uso uliolala bapa, wenye doa la mafuta pembeni, umepata kupita kiasi, huo haurudi. Matundu matundu yanatokana na wino mchache. Herufi zilizoziba, ambapo "e" na "o" zimekuwa vidoa, zinahitaji unga laini zaidi. Unga mnene ni wa maua na mipaka. Unga wenye madonge upitishe kwenye chujio la chai, na chujio hilo lisirudi jikoni. Embosi iliyopita juu ya mkunjo wa kadi itabanduka, kwa hiyo panga picha isivuke mkunjo.

Dai halikati, au linakata nusu

Dai ni kile kisu chembamba cha chuma chenye umbo la ua, jani au herufi, kinachopitishwa na karatasi kati ya sahani za plastiki kwenye mashine ya rola. Likikata upande mmoja na mwingine ukabaki, watu husema limeisha makali. Ni nadra. Mara nyingi kosa ni kati ya haya mawili: sahani zimepinda, au presha haitoshi.

Sahani hupinda kwa sababu zinapitishwa zikiangalia upande uleule kila siku. Zigeuze kila baada ya kupita. Presha ongeza kidogo kidogo: weka karatasi moja ya fotokopi, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, chini ya upande unaogoma. Bado? Ya pili. Usianze na kipande cha bati. Dai lenye ukingo mrefu ulionyooka, kama la mstatili, lisiingie likiwa sambamba na rola, kwa sababu ukingo wote unadai presha kwa wakati mmoja, lilaze mshazari. Mpini ukigoma kabisa, rudisha nyuma. Usilazimishe, sahani zitapasuka.

Lakini karatasi nayo ina neno lake. Wengi tunapenda rangi ya kaki kwa kadi za kiasili, zenye kikapu cha Iringa au ua la pareto, na mkoa wa Iringa ndio wenye kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kinachotumia misonobari. Karatasi ya kaki ya msonobari ina nyuzi ndefu. Imetengenezwa kwa ajili ya mifuko, yaani ikatae kuchanika. Ukiipeleka kwenye dai lenye vitobo vidogo vya lasi itabaki na ndevu kila kona. Dai lileile litakata manila bila shida. Kwa kaki chagua maumbo makubwa, au pitisha mara mbili huku ukigeuza robo mzunguko. Karatasi iliyovuta unyevu nayo inanyoosheka badala ya kukatika; ikaushe kama nilivyosema kwenye embosi.

Karatasi imekatika ila haitoki kwenye dai? Sugua mshumaa kwenye karatasi chakavu, ikate hiyo mara moja. Nta kidogo itabaki kwenye kingo na kazi inayofuata itaachia. Tundu dogo nyuma ya dai ni la kusukumia kwa sindano. Ukichokonoa upande wa makali unalipinda.

Folda ya kunyanyua picha inapasua karatasi

Folda ni jalada la plastiki lenye picha ndani: karatasi huwekwa katikati na kupitishwa kwenye mashine ileile ya rola ili picha inyanyuke. Kwanza hakikisha hukutumia mpangilio wa sahani za kukatia. Folda ni nene kuliko dai, kwa hiyo sahani moja hupunguzwa; ukisahau, hata folda itavunjika. Kama mpangilio ni sawa, karatasi imekauka mno. Ipulizie ukungu mwembamba wa maji kwa chupa ya kupulizia nywele, subiri dakika moja, ndipo uipitishe. Nyuzi zilizolainika zinanyooka bila kukatika. Atikadi usiilowanishe, tabaka lake hupasuka tu, na kwa karatasi iliyopakwa rangi juu huku ndani ikiwa nyeupe, kila ufa utaonekana.

Mkunjo unapasuka, kadi inapinda

Karatasi ya mashine ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde kidogo kwa mikono, kwa urefu kisha kwa upana: upande unaokubali kirahisi ndio ambao mkunjo wake unafuata nyuzi. Mkunjo unaofuata nyuzi unatoka safi, unaozikata unapasuka.

Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu. Ukiikunja A4 nzima kupata kadi ya A5, mkunjo unakata nyuzi. Ukiikata kwanza katikati upate A5 mbili, kisha ukakunja kila moja kupata A6, mkunjo unafuata nyuzi. Ndiyo sababu kadi ndogo zinakutokea vizuri na kubwa zinapasuka kwa karatasi ileile. Kwa kadi kubwa, chora mstari wa kukunjia kwa rula na kalamu ya Bic iliyoisha wino, kwa nguvu, kisha kunja ili tuta lililotokea nyuma ya mstari liwe ndani ya kadi. Wengi hukunja kinyume. A6 ina faida nyingine: ni milimita 105 kwa 148, na bahasha ya C6 ni 114 kwa 162, kwa hiyo hata kadi yenye maua ya kubandika inapumua ndani yake.

Kupinda baada ya siku mbili ni suala la gundi na nyuzi pamoja. Gundi nyeupe ina maji; ukiipaka kote, karatasi inavimba kisha inasinyaa ikivuta nyingine. Paka mistari myembamba ya gundi kwenye kingo na katikati, weka chini ya vitabu usiku kucha. Nyuzi za karatasi ya juu na ya chini zielekee upande mmoja. Kama gundi imekauka ikawa nyeupe ya unga na kipande kinabanduka chenyewe, ilikauka kwenye baridi kali. Gundi hiyo haiungani vizuri joto likishuka chini ya nyuzi kumi hivi, na usiku wa Njombe wa Julai hushuka hapo bila taabu. Bandika mchana, au sogeza meza karibu na jikoni.

Kadi zinazosafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam zifunge zikiwa zimekauka siku nzima, zimebanwa kati ya maboksi mawili bapa, na karatasi laini kati ya moja na nyingine. Kadi iliyofungwa ikiwa na unyevu wa Tukuyu itakaukia njiani na kupinda ndani ya kifurushi, na mpokeaji atadhani ndivyo ulivyoikunja.